Nyumba Iliyojifanya Mgonjwa

...siku thelathini! Si miezi, si wiki, siku, trente jours, imeandikwa kwa herufi nene na muhuri wa commune, yaani manispaa, pembeni, na Rayhana ameshaisoma mara tatu kana kwamba akiisoma tena namba itaongezeka.

Ndiyo, hapo hapo tulipomwacha wiki jana. Barua ya njano imebandikwa mlangoni, rue du Tamis namba 27, Bruxelles, yeye kaibandua kwa kucha, na nyuma yake kwenye ngazi baba yake, mzee Hamisi, anauliza wamesema nini hao.

Kaeni vizuri, maana wiki hii hakuna kupumua.

Rayhana alikuwa mkalimani wa nyumba hiyo tangu ana miaka tisa. Barua za shule, za umeme, za mutuelle, bima ya matibabu, zote zilipita kwake kabla hazijamfikia baba. Na alijua kulainisha. Barua ikija na ukali wa "dernier rappel", onyo la mwisho, yeye alisema wanakukumbusha tu, baba. Safari hii alitafuta neno laini akalikosa. Akasema kama ilivyo: nyumba imeandikwa kwamba haifai kukaliwa na watu, commune inaichukua kwa faida ya umma, wote watoke.

Mzee Hamisi akaitazama ile barua. Halafu, jamani, akacheka.

"Alhamdulillah," akasema. "Si nilikwambia? Nyumba mbovu hailipi kodi."

Rayhana akakumbuka mwezi wa pili, na ninyi mnaoingia leo ni lazima mjue mwezi wa pili kulitokea nini, la sivyo hamtaelewa kwa nini msichana huyu alitaka kujificha ndani ya koti lake mwenyewe.

Mwezi wa pili mwaka huo wa 2011 commune ilituma karatasi mtaa mzima. Kuna mpango wa kuufufua mtaa: park pale penye magari mabovu, njia mpya za miguu, taa, shule ya watoto wadogo. Mtu atapita nyumba kwa nyumba kuandika hali na thamani ya kila moja.

Mzee aliposikia thamani, hakusikia tena kingine. Kwao Buyenzi, Bujumbura, mtu wa serikali akija na faili humwonyeshi televisheni. Humpi hata kiti kizuri. Unamwonyesha shida, anaandika shida, anaondoka, unarudisha vitu mahali pake. Babu yake Rayhana alikuwa akivua viatu kila mtu wa kodi alipopiga hodi.

Basi mzee akaipamba nyumba kama bibi harusi, ila kinyume. Chauffage, mitambo ya joto, ikazimwa siku mbili kabla. Zulia likapandishwa ghorofa ya juu, kwa mpangaji wao Maman Kasoki. Balbu za sebuleni zikafunguliwa zikabaki waya. Akachemsha majani ya chai mpaka yakawa meusi, akapanda juu ya meza na sponji, akapaka dari duara moja, akapaka la pili, akapuliza vumbi la mkaa pembeni ili lionekane ukungu wa miaka. Chini ya duara akaweka ndoo ya bluu ya Maman Kasoki, ile yenye ufa mdomoni, na maji kidogo ndani.

Dari aliyoipiga lipu mwenyewe. Nyumba aliyoitengeneza kigae kwa kigae, jumamosi kwa jumamosi, miaka kumi na tatu.

Mtu wa commune akaja. Bwana Lucien, Mbelgiji mwembamba mwenye mafua. Akapiga picha. Mzee akasema, mwambie huu mwaka wa tatu hatuna joto. Rayhana akamwambia. Mwambie mvua inanyesha ndani. Akamwambia. Bwana Lucien akasita, kalamu hewani, anatafuta neno la kujaza kwenye kisanduku cha mwisho.

Na hapa ndipo panapouma. Rayhana amesoma. Amemaliza chuo, haute école, ni assistante sociale, mtu wa ustawi wa jamii, maneno ya ofisi anayajua kama jina lake. Ni yeye aliyempa lile neno.

"Insalubre, monsieur."

Nyumba isiyofaa kukaliwa, kwa kifaransa safi, na kichwa juu. Siku ile alijiona hodari.

Haya, turudi mlangoni. Mzee bado anatabasamu.

"Baba," Rayhana akasema, "hawapunguzi kodi. Wanabomoa."

"Wanabomoa wapi?"

"Hapa. Sisi. Na nyumba nyingine sita za upande huu."

Lile tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni muda kidogo bila mwenyewe, kisha mzee akashika ukuta, akaanza kuupapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Maman Kasoki alikuwa anashuka ngazi na uniforme yake ya kazi, anawahi metro ya Woluwe, kule anakotunza wagonjwa. Mama wa Butembo, watoto wawili, hana mume, hana muda. Akaomba asomewe. Akasomewa. Akakaa kwenye ngazi na begi lake mapajani.

"Inchi muzima iko bila gouvernement tangu mwaka jana," akasema. "Alors ba commune banapata wapi nguvu ya kutufukuza?"

Hakuna aliyecheka. Akauliza tena, taratibu, kama mpangaji ataenda wapi na batoto. Rayhana akasema hajui. Akachukua koti lake, akachukua barua, akapanda tram kwenda commune.

Bwana Lucien alimpokea. Hakumsubirisha hata dakika kumi, na Rayhana akaona hiyo ni dalili nzuri. Masikini.

Akamweleza yote kwa mpangilio. Chai. Mkaa. Chauffage iliyozimwa. Zulia. Akasema baba yake si mtu mbaya, ni mtu aliyekulia mahali ambapo kuonekana na mali ni hatari. Akamwomba aje leo, sasa hivi, aguse radiateur kwa mkono wake asikie joto. Bwana Lucien akamwacha amalize. Akapenga pua. Kisha akafungua droo, akatoa picha, akazipanga mezani moja moja kama mtu anayegawa karata.

"Namba 19. Namba 23. Namba 27, kwenu. Namba 29. Namba 31."

Akaendelea mpaka saba. Rayhana akaangalia dari, madoa, waya. Hakuona jipya.

"Angalia chini," akasema bwana Lucien.

Ndoo ya bluu. Ufa mdomoni.

Ndoo moja, nyumba saba.

Rayhana hakujua. Wallahi hakujua. Baba yake alikuwa amepita mtaa mzima usiku wa kuamkia kila ukaguzi, na ndoo mkononi na thermos ya chai nyeusi, anawafundisha majirani namna ya kuugua.

"Mlijua," akasema.

"Sisi si vipofu, mademoiselle."

"Na mkaandika."

"Mlisema. Tukaandika."

Alipomuuliza kwa nini, bwana Lucien hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Akachukua penseli. Akachora mstari wa kulala, chini kwenye karatasi. Hii, akasema, ni kodi ya nyumba inayotoka rue du Tamis leo. Tunaipima mara moja, tunaifunga, haibadiliki. Juu yake akachora mstari mwingine unaopanda. Hii ni kodi ya miaka ishirini ijayo, mtaa ukishapendeza na watu wa mishahara minene wakishahamia. Halafu akaanza kupaka penseli nafasi iliyobaki katikati, polepole, mpaka ikawa nyeusi.

Commune haina pesa ya park, akasema. Haina ya taa wala ya shule. Inakopa leo, na benki italipwa na hii hapa katikati. Ile tofauti. Kodi ya chini inaendelea kulipa walimu na kuzoa takataka kama kawaida. Ya katikati ni ya benki mpaka deni liishe.

Rayhana aliangalia karatasi. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda haraka kuliko alivyotaka.

"Na huu wa chini ukiwa juu kidogo?"

"Katikati kunakuwa kwembamba."

"Na benki?"

"Benki haikopeshi kwembamba."

Mmeona? Kila duara la chai lilishusha ule mstari wa chini kidogo. Na nyumba ikishaandikwa insalubre inaweza kubomolewa, mahali pake zikasimama appartements zenye kodi mara nne. Nyumba nzima nzima, yenye joto na paa zuri, ingekuwa kikwazo. Mzee Hamisi alidhani anaidanganya commune. Commune ilikuwa imekaa inasubiri mtu wa kuja kuidanganya hivyo hivyo.

Rayhana akasimama. Hakuaga. Alikuwa ameshashika kitasa bwana Lucien aliposema, bila kuinua macho, kwamba faili linafungwa ijumaa saa sita mchana.

Akageuka. Ilikuwa jumatano.

Bwana Lucien akainuka akaufunga mlango mwenyewe. Akasema kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Mpaka ijumaa, mwenye nyumba anaweza kuja yeye mwenyewe, na karatasi yake ya notaire, hati ya umiliki, aandike kwamba kilichokaguliwa hakikuwa hali ya kweli, aombe ukaguzi mwingine. Nyumba moja inatosha. Nyumba moja ikiwa na ubishi, hesabu ya mtaa mzima haisainiwi, inaanza upya. Lakini atakayeandika anakubali kwamba alimdanganya mtu wa commune kazini. Hiyo ni faini, na inaweza kufika kwa polisi.

"Na baada ya ijumaa?"

"Baada ya ijumaa mimi ndiye nitakayekuja kupokea funguo," akasema. Kisha akaongeza, "Mimi sijakwambia kitu."

Rayhana alirudi karibu anakimbia. Kwenye tram alishaiandika ile barua kichwani, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Alikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyeona mlango umebaki wazi kidogo.

Alipofungua mlango wa namba 27 akakuta viatu. Viatu vingi, vya wanaume, vimejaa kwenye korido.

Majirani walikuwa sebuleni. Kila mmoja na barua yake ya njano. Mzee Hamisi amekaa kwenye kiti cha katikati, mikono magotini, na mbele yake amesimama Papa Sylvestre wa namba 31, dereva wa basi, mtu wa Bukavu, mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupandisha sauti mtaani hata abiria wakimtukana.

Hakuipandisha hata leo. Ndiyo ilitisha.

"Papa Hamisi," alisema, "ulikuya kwangu na ile ndoo, seau ya bleu, mu mukono. Ulipanda yulu ya kiti yangu na viatu. Mi nikakuambia, papa, nyumba yangu iko na toiture, paa mupya, sitaki bongo, sitaki kudanganya. Ukaniambia, muficheni facture, karatasi ya mafundi. Ulisema ivo, ama hukusema?"

Mzee akasema alisema.

"Sikuificha. Niliichoma. Niliichoma mu évier ya jikoni, bibi yangu Claudine anaangalia. Sasa ni nani atajua kama niliweka toiture?"

Watu wakaangalia chini. Mmoja akasema kwake alivunja kioo cha dirisha kwa makusudi. Mwingine akasema alimtoa mama yake kitandani, akamlaza kwenye godoro chini ili apigwe picha, na mama ana miaka themanini, na tangu siku ile kifua hakijapona. Yaani walianza kuhesabu namna walivyojidhalilisha, mmoja baada ya mwingine, na kila walichosema kiliishia kwenye kiti cha katikati.

Mzee Hamisi hakujitetea. Rayhana alitaka ajitetee. Alitaka aseme hata neno moja la kijeuri, kama lile la asubuhi.

"Nilidhani nawaokoa," ndilo alilosema.

Hapo Rayhana akaingia katikati. Akawaeleza alichoambiwa, bila kutaja ni nani kamwambia. Ijumaa, saa sita. Nyumba moja inatosha. Mwenye nyumba mmoja tu, aende, akubali, atoe sahihi.

Halafu kila mtu akaanza kuwa na sababu. Papa Sylvestre akikutwa na kesi ya udanganyifu, basi hataendesha tena, na ana miaka miwili tu kufika pension. Yule wa kioo hajapata uraia bado, dossier yake iko mezani kwa watu. Yule wa mama mgonjwa akasema tu hapana. Sababu zote zilikuwa za kweli, na zote ziligeuka zikamwangalia mzee Hamisi.

Naye akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Ndoo niliibeba mimi," akasema. "Nitakwenda mimi."

Wapenzi wasomaji, mngeona. Papa Sylvestre alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu afike. Mtu akamgusa mzee bega. Rayhana akavuta kiti mezani, akachukua karatasi nyeupe, akaandika kwa kifaransa bila kufuta neno hata moja, kisha akaisoma kwa Kiswahili ili wote wasikie. Safari hii hakulainisha. Alisoma chai, akasoma mkaa, akasoma nilimdanganya kwa makusudi. Mzee alitikisa kichwa kukubali kila mstari. Hata pale paliposema polisi, alitikisa.

Akampa kalamu.

Mzee akaishika. Akaiweka juu ya karatasi. Kalamu ikagusa, ikaacha nukta ndogo, ikasimama.

"Soma tena mwanzo," akasema.

Rayhana akasoma. Mimi, Hamisi, mwenye nyumba namba 27, rue du Tamis.

Mzee akarudisha kifuniko cha kalamu. Kikalia, tak.

Papa Sylvestre akainuka, akasema hata bila hasira kwamba alijua, alijua tu, woga wa polisi umemshika. Mzee akasema si polisi. Akasema hivyo mara mbili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya nyumbani kwake: akawaomba wageni watoke kabla hawajanywa kitu.

Wakatoka. Korido ikajaa watu wanaotafuta viatu. Papa Sylvestre alikuwa wa mwisho, akafunga zile kamba zake polepole, akamwambia Rayhana, si baba yake, "Vendredi iko kesho kutwa, mutoto." Akaenda.

Wakabaki wawili. Ile karatasi katikati yao na nukta yake.

Rayhana akasema, kwa upole aliojifunza kazini, kwamba anaelewa kuogopa, kwamba atakwenda naye, atakaa kando yake, atatafsiri kila kitu. Mzee akatikisa kichwa kukataa.

"Siogopi kwenda. Neno la kwanza ndilo siwezi kulisaini."

"Neno gani, baba?"

"Mwenye nyumba."

Rayhana hakuelewa. Akasema hii nyumba walihamia 1998, yeye mwenyewe alibeba sufuria kutoka mtaa wa Schaerbeek kwenye basi, akamwona baba anabomoa ile ngazi ya zamani, anapiga lipu, anaweka vigae.

"Nilipiga lipu, ndiyo. Nimelala humu, ndiyo. Nimelipa kila mwezi, ndiyo." Mzee alikuwa anaongea na meza. "Jina lililoko kwa notaire si langu."

Nje tram ikapita, vikombe vikatetemeka kabatini, ikaisha.

"Ni la nani?"

Mzee akaisogeza ile karatasi kando.

"Baba. Yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko Bruxelles hii hii. Na barua kama hii ameshapata nakala yake, na pesa ambazo commune italipa zitakwenda kwake, si kwetu."

Rayhana akashika mgongo wa kiti. Akauliza kama mama anajua. Mama yake, mnakumbuka, yuko Bujumbura msibani, hata hii barua bado hajaambiwa. Mzee akasema mama anajua nusu. Rayhana akauliza jina, kwa mara ya pili, na sauti yake ikatoka ndogo, ya yule mtoto wa miaka tisa.

Mzee Hamisi akainuka, akakunja mikono ya shati ili akatawadhe. Mlangoni akasimama, akaegemea ule ukuta alioupapasa asubuhi.

"Nikikwambia leo utakwenda kwake leo, na ukienda na hasira hiyo atatufungia mlango, basi tumekwisha. Lala kwanza. Kesho baada ya alfajiri utakaa hapo ulipo, nitakwambia ni nani na kwa nini niliiandika nyumba kwa jina lake, sitaacha kitu. Halafu utaamua mwenyewe kama utaendelea kuniita baba."